"Mama, Nimekosea Fomu"

Ilikuwa usiku wa mwezi wa Agosti 2023, na baridi ya Iringa wengi wenu mnaijua. Saa nane za usiku tuliamka kwenda kumfunika mtoto mdogo, tukaona mwanga chini ya mlango wa chumba cha wasichana. Tulipofungua tulimkuta kifungua mimba wetu ameketi kitandani, shuka mabegani, simu mkono mmoja na karatasi mkono wa pili. Macho yalikuwa mekundu.

Kwa siku nne alikuwa anaacha chakula na kusema kichwa kinauma. Sisi ambao kazi yetu ni uuguzi tulimpima joto, tukampima malaria, hatukuona kitu. Kisha, kama mama yeyote mwenye binti wa miaka ishirini, tukaanza kufikiria kipimo kingine ambacho hatukuthubutu kukitaja. Tuliogopa kumwuliza, naye aliogopa kutuambia. Usiku ule ndipo aliposema, huku akilia, "Mama, nimekosea fomu."

Alikuwa ametuma maombi ya kujiunga na chuo kikuu, shahada ya ualimu wa sayansi. Alijaziwa kwenye steshenari ya mjini, akabonyeza kitufe cha kutuma, akachapa nakala na kuja nayo nyumbani. Alipoisoma kwa utulivu aliona namba yake ya simu ina 7 mahali penye 1. Akaisoma tena, akaona jina lake la kwanza limeandikwa kwa "s" kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, ilhali cheti chake cha kidato cha nne kina "z". Basi. Tarakimu moja na herufi moja. Kwa ajili ya hizo mbili, mtoto alikuwa hali wala halali.

Tulimwuliza kwa nini hakutuambia siku ile ile. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nilipopoteza risiti ya ada nikiwa kidato cha tano ulisema wiki nzima, Mama. Hata wageni uliwaambia."

Akina mama wenzetu, tumechoma sindano nyingi katika maisha yetu, lakini maneno yale yalituchoma sisi. Tuliketi pembeni yake bila kujibu. Makala hii imetokana na usiku ule. Tunaamini nyumba yetu si ya pekee, na kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, kuna mtoto mahali fulani anayekesha na karatasi ya namna ile.

Kwa nini wanaogopa hivi?

Sisi tulipoomba chuo cha uuguzi, mwanzoni mwa miaka ya 2000, tulijaza fomu kwa kalamu ya wino, tukaitia katika bahasha ya kaki na kuipeleka posta. Ukikosea uliomba fomu nyingine au ulisahihisha na kutia saini. Ulijua kwamba atakayeisoma ni mtu mwenye macho na busara.

Siku hizi mambo yamebadilika. Kuanzia mwaka 2010 maombi ya vyuo vikuu hapa Tanzania yalipitia mfumo mmoja wa kompyuta chini ya Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU. Kuanzia mwaka 2017 waombaji wakarudi kutuma maombi moja kwa moja kwa vyuo, lakini kwa njia ya mtandao. Kijana anabonyeza kitufe, na baada ya hapo mashine haisemi neno. Katika ukimya huo ndipo wasiwasi huingia. Anadhani kompyuta imeliona kosa lake na imekwisha kumtupa nje.

Yafaa tuwaambie watoto wetu kwamba nyuma ya kompyuta ile kuna ofisi ya udahili, na ndani ya ofisi kuna watu. Kila msimu watu hao hupokea maombi yenye makosa ya namna hii. Mtoto wako si wa kwanza kukosea.

Kuna jambo jingine. Fomu ile mtoto haijazi peke yake. Shangazi amechangia ada ya maombi, baba ameuza mahindi, na sisi tumekwisha kuwaambia akina mama wa jumuiya waiombee. Yote hayo anayaona yamekaa juu ya tarakimu ile moja.

Pima kidonda kabla ya kulia

Wagonjwa wanapofika wengi kwa pamoja, muuguzi hamshughulikii anayepiga kelele zaidi. Huangalia kwanza nani anavuja damu. Usiku ule tulichukua kalamu, tukayapanga makosa ya fomu kwa utaratibu huo huo.

Kuna makosa ambayo ni mkwaruzo tu. Mathalani, jina la mtaa lililokosa herufi, nafasi iliyozidi kati ya maneno mawili, au jina la shule ya msingi lililoandikwa kwa kifupi. Haya hayambadilishi mwombaji kuwa mtu mwingine, wala hayagusi sifa zake za masomo. Kwa kawaida hayahitaji safari wala machozi.

Kuna makosa yanayohitaji kushonwa. Hapa tunaweka namba ya simu au anwani ya barua pepe isiyo sahihi, herufi ya jina isiyolingana na vyeti, jina la mzazi lililokosewa, au cheti kilichopakiwa kikiwa hakisomeki. Hayaui, lakini yakiachwa wazi yataoza. Yashughulikie ndani ya siku chache.

Kisha kuna yale yanayovuja damu: namba ya mtihani iliyokosewa, mwaka wa mtihani usio wake, kozi ambayo hakuikusudia, au cheti cha mtu mwingine kupakiwa mahali pa chake. Namba ya mtihani ndiyo inayomwunganisha mwombaji na matokeo yake yaliyo Baraza la Mitihani. Ikikosewa, chuo kitaona matokeo ya mwingine au hakitaona kitu. Kosa la aina hii lisilale. Lishughulikiwe siku hiyo hiyo.

Tulipomaliza kupanga, binti yetu aliona kwamba yake yote mawili yalikuwa ya kushona. Akavuta pumzi ndefu, ya kwanza tangu tulipoingia chumbani.

Mficha maradhi

Ukisema kosa ni la kushona tu, mtu aweza kuuliza, basi kuna haraka gani? Tueleze kisa cha kijana mmoja wa usharika wetu, miaka michache kabla ya hapo.

Udahili wa vyuo vikuu huenda kwa awamu. Mwombaji akichaguliwa na chuo zaidi ya kimoja, hutakiwa kuthibitisha kimoja kabla ya siku ya mwisho, na namba maalumu ya kuthibitishia hutumwa kwa ujumbe wa simu. Kijana huyu alikuwa ameandika namba ya mjomba wake. Baada ya muda mjomba aliibadili laini. Kijana alijua, lakini mjomba ndiye aliyelipa ada ya maombi, naye aliona aibu kusema kwamba hakuandika namba yake mwenyewe. Akanyamaza, akitumaini mambo yatajipanga.

Alichaguliwa na vyuo viwili. Ujumbe ulikwenda kwenye laini iliyokufa, siku ya mwisho ikapita. Alikaa nyumbani mwaka mzima akimsaidia baba yake kupasua mbao, na mwaka uliofuata akaanza upya. Alikuwa na alama nzuri na sifa zote. Namba ya simu ingerekebishwa kwa barua moja, lakini ukimya haukumpa nafasi hiyo. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua.

Jina moja, maandishi matatu

Turudi kwa herufi ya binti yetu. Asubuhi tulitoa vyeti vyake vyote mezani. Cheti cha kuzaliwa: "s". Cheti cha kidato cha nne: "z". Tukajiuliza "z" imetoka wapi.

Jibu halikuwa zuri kwetu. Mwezi wa Januari 2010 tulimpeleka kuandikishwa darasa la kwanza tukiwa na haraka ya kuwahi zamu. Cheti kilikuwa nyumbani. Mwalimu aliuliza jina, tukalitamka, akaliandika kama alivyolisikia. Hatukurudi kuangalia. "Z" ile ikamfuata hadi darasa la saba, ikaingia sekondari, ikaingia kwenye orodha ya watahiniwa, na mwisho ikachapwa kwenye cheti. Kwa siku nne mtoto alijihukumu kwa kosa ambalo mama yake alilifanya miaka kumi na mitatu nyuma. Tulimwomba radhi pale pale mezani, mbele ya wadogo zake.

Mama mwenzetu, chukua vyeti vya watoto wako wiki hii uvilinganishe. Angalia jina, mpangilio wa majina, na tarehe ya kuzaliwa. Kama mtoto amefikisha umri wa kuwa na namba ya NIDA, kumbuka ina tarakimu 20, na zile nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Zilinganishe na cheti cha kuzaliwa. Mtoto akiwa katika darasa la mtihani, ulizia shuleni jina lake limeandikwaje kwenye orodha ya watahiniwa kabla orodha haijafungwa. Kurekebisha wakati huo ni kuziba ufa. Baada ya cheti kuchapwa, ni kujenga ukuta.

Sisi wanawake tuliooelewa tuna jambo letu pia. Kwenye cheti cha mtoto wengi wetu tumeandikwa kwa jina la ubini wa baba zetu, lakini kwenye kitambulisho tunatumia jina la mume. Mtoto anapojaza fomu ya mkopo anasimama hapo, hajui aandike lipi. Mwambie mapema. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu huhitaji cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, au na wakala wa usajili wa Zanzibar kwa waliozaliwa huko, na mtoto aliyefiwa na mzazi huhitaji cheti cha kifo. Basi majina ya wazazi yaandikwe kama yalivyo kwenye vyeti. Kama kuna tofauti, wakili au hakimu ataelekeza iwapo hati ya kiapo inatosha au kuna haja ya hati ya kubadili majina. Cheti cha ndoa nacho kiwe karibu.

Rekebisha waziwazi

Tulipokuwa chuo cha uuguzi tulifundishwa sheria moja ambayo hatujaisahau. Ukikosea kuandika kwenye jalada la mgonjwa, usifute, usipake rangi nyeupe, wala usichane karatasi. Piga mstari mmoja juu ya kosa ili bado lisomeke, andika lililo sahihi, weka tarehe, saa na saini yako. Mwalimu wetu alikuwa na sababu. Jalada lenye kosa lililosahihishwa waziwazi linaaminika. Jalada lililofutwafutwa linatia shaka hata kwenye yale yaliyo kweli.

Fomu ya chuo nayo ni hivyo hivyo. Hivi ndivyo tulivyofanya, na ndivyo tunavyowashauri wengine:

Kwanza, mtoto aingie kwenye akaunti yake ya maombi aone kama bado inaruhusu marekebisho. Vyuo vingine huacha dirisha wazi mpaka siku ya mwisho ya kupokea maombi, na huenda kazi ikaishia hapo.

Pili, ikiwa imefungwa, apige simu au afike ofisi ya udahili akiwa na namba yake ya maombi. Apige yeye mwenyewe, mama akae pembeni. Anakwenda kuwa mtu mzima, na hii ni hatua yake ya kwanza.

Tatu, aandike barua fupi. Binti yetu alitaka kuandika kurasa mbili za kuomba msamaha. Tulimwambia mistari mitano inatosha: mimi ni mwombaji namba fulani, katika maombi niliyotuma tarehe fulani, namba ya simu iliandikwa hivi, iliyo sahihi ni hii, naomba irekebishwe, nimeambatisha nakala ya vyeti. Afisa ana barua nyingi mezani na anahitaji kujua kosa ni lipi na sahihi ni ipi.

Nne, atunze nakala ya kila kitu, aandike tarehe na jina la aliyemhudumia.

Tano, asifungue maombi ya pili kwa jina lile lile bila kuuliza chuo kwanza. Maombi mawili ya mtu mmoja yaweza kuleta mkanganyiko mkubwa kuliko kosa lenyewe. Na asimpe fedha kishoka yeyote anayedai ana mtu wake ndani wa "kumwekea sawa." Mrekebishaji wa kweli ni ofisi yenyewe.

Afisa aliyepokea simu ya binti yetu alimsikiliza, akamwambia atume barua pepe yenye vyeti. Simu yenyewe haikufika dakika tano. Namba ilirekebishwa wiki ile ile. Kuhusu herufi ya jina, alielekezwa atumie jina lililo kwenye cheti cha mtihani na alete hati ya kiapo siku ya kuripoti. Siku nne za machozi zilimalizwa na mambo hayo mawili.

Uongo si kosa dogo

Tutakuwa hatujawatendea haki wasomaji tusipotaja hili. Kuna mambo watu huyaita "makosa madogo" ilhali si makosa. Kuandika kwamba baba amefariki wakati yu hai, ili mkopo uongezeke. Kupakia cheti kilichotengenezwa. Kupunguza umri. Huku si kuteleza kwa kalamu. Ni udanganyifu, na waweza kumfukuzisha mtoto chuo hata akiwa mwaka wa mwisho, au kumfikisha mahakamani. Ikiwa lilifanyika nyumbani kwako, hata kwa ushauri wa ndugu, lirekebishe mapema na uwe tayari kwa matokeo yake. Mtoto asianze safari ya elimu juu ya daraja bovu tulilomjengea sisi.

Kabla ya kubonyeza

Hospitalini damu haitundikwi na mtu mmoja. Wawili husimama pamoja, mmoja anasoma jina, namba na kundi la damu, mwingine anafuata kwenye karatasi. Hatufanyi hivyo kwa kuwa mmoja wetu ni mjinga, bali jicho la aliyeandika huona alichokusudia kuandika.

Fanyeni hivyo nyumbani. Mtoto asome kila kilichojazwa kwa sauti, wewe ufuate kwa kidole kwenye cheti, tarakimu kwa tarakimu. Kama hujui kusoma vizuri, mwite mdogo wake au jirani. Hata kama fomu inajazwa steshenari na foleni ni ndefu, mwenye fomu ana haki ya kuisoma kabla ya kutumwa. Na isifanywe siku ya mwisho, mtandao unapozidiwa na watu wanasukumana.

Wasiwasi wenyewe utibiwe

Baada ya kurekebisha, wengine huendelea kuifungua fomu usiku na mchana. Huko ni kubandua plasta kila saa kuangalia kama kidonda kimepona. Tulimwekea binti yetu saa moja tu kwa siku, saa kumi jioni, ya kuangalia simu na barua pepe kuhusu chuo. Saa nyingine alipewa kazi za mikono, bustani ya mboga na kuwafundisha wadogo zake hesabu. Alianza kula.

Bwana Yesu, katika Mathayo sura ya 6, aliuliza ni nani awezaye kujiongezea lolote kwa kujisumbua. Tuliliongelea swali hilo na binti yetu, lakini tulilisema baada ya kupiga simu ya ofisi ya udahili. Kumwambia mtoto "omba tu" wakati hujamsaidia kuandika barua ni kumwachia mzigo wake mwenyewe.

Hata hivyo, uwe macho. Mtoto akikosa usingizi na hamu ya kula kwa wiki mbili au zaidi, akijitenga na rafiki zake, au akisema maisha yake hayana maana, hilo limepita fomu. Mpeleke kituo cha afya akaongee na mhudumu. Akitaja habari za kufa, usingoje siku hata moja na usimwache peke yake. Si utovu wa imani, wala si aibu ya familia.

Mlango usifungwe

Binti yetu aliingia chuoni mwaka ule ule. Mwishoni mwa 2024, akiwa mwaka wa pili, simu iliita saa tatu usiku tukiwa tunaosha vyombo. Hakusalimia vizuri. "Mama, nimekosea. Nimejiandikisha somo ambalo si la mwaka wangu, na kesho ndiyo mwisho."

Wadogo zake walikuwa wanatutazama. Tulikausha mikono, tukavuta kiti. Tulitaka kusema, "Tena?" Neno lilifika mdomoni, likarudi.

Tukamwambia, "Asante kwa kutuambia leo. Haya, soma taratibu, limeandikwaje?"